Catan Jumamosi: someni kabla ya kuja

Wapendwa, Jumamosi tunacheza Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995. Meza moja ni watu 3 au 4 tu. Wa 5 hana vipande, kwa hiyo thibitisheni mapema.

Ubao una vigae 19: misitu 4, malisho 4, mashamba ya ngano 4, vilima vya udongo 3, milima 3 na jangwa 1 lisilotoa kitu. Dadu mbili zikirushwa, kigae chenye namba iliyotoka humpa kadi ya mali kila mwenye kijiji au mji kwenye kona yake, hata kama si zamu yake. Kujenga barabara unalipa mbao na tofali. Kijiji ni mbao, tofali, ngano na sufu. Kukifanya mji: mawe 3, ngano 2. Vijiji na miji huleta pointi: ukifikisha 10 kwenye zamu yako, umeshinda.

Wageni wengi huumia mwanzoni kabisa, wakiweka vijiji vyao 2 popote palipo wazi. Tafuteni 6 na 8: kila moja ina njia 5 za kutoka kati ya 36, ilhali 12 ina moja tu. Na kati ya kijiji na kijiji, hata cha mwenzako, lazima ipite kona tupu.

Ikitoka 7, mwenye kadi 8 au zaidi anarudisha nusu, na aliyerusha anahamisha mwizi, kipande kinachozuia kigae kilipo kisitoe mali. Kwa hiyo msilimbikize, badilishaneni. Benki inataka kadi 4 zinazofanana kwa 1, bei ya kukamuana. Majirani hupatana kwa nafuu, ila biashara lazima imhusishe mwenye zamu.