Kangomba huzaliwa Februari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu umaskini wa wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi. Kila msimu unapofunguliwa, mwezi Oktoba, zinaanza operesheni za kuwasaka wanunuzi wa kangomba, yaani wanaochukua korosho za mkulima nje ya mnada wa ushirika, kwa kipimo cha kopo. Vizuizi vinawekwa barabarani, magunia yanakamatwa, watu wanafikishwa mahakamani. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika hadi uhakiki ili anayelipwa awe kweli ndiye mwenye mikorosho. Kangomba bado ipo. Tunaifuata Oktoba wakati makubaliano yake yalishafungwa tangu Februari, nyakati ambazo hakuna kizuizi wala afisa anayepita kijijini.

Tufanye hesabu. Tuseme ni mwezi wa pili, kifuku kimekolea, makopa, yaani muhogo mkavu wa akiba, yamekwisha, mahindi shambani bado mabichi. Mama mwenye nyumba ya watu watano anahitaji shilingi 50,000 za unga. Mwenye fedha anampa, kwa sharti la kulipwa kangomba 50 mwezi wa kumi. Kipimo hicho ni kopo au bakuli, si mizani, nacho hujazwa mpaka kifanye kichuguu. Kopo likibeba kilo moja na robo, kangomba 50 ni kilo 62 na nusu. Mnada ukitoa shilingi 3,000 na makato yakiwa shilingi 300 kwa kilo, mzigo huo ungempa mkulima shilingi 168,750. Shilingi 50,000 imezaa zaidi ya 118,000 kwa miezi minane. Na kwa kuwa hakuna karatasi iliyoandikwa, mama huyo hana pa kupeleka malalamiko.

Mwaka unaofuata mambo huwa mabaya zaidi. Fedha ya mnada imepungua, kwa hiyo njaa inaanza Januari badala ya Februari. Anayeanza na kangomba 50 huishia kuweka rehani mikorosho yenyewe kwa misimu miwili au mitatu. Aliyeichukua hana sababu ya kupalilia wala kupogoa. Anaokota tu, kisha anairudisha ikiwa imezingirwa na pori na kujaa matawi makavu.

Njaa hiyo hiyo ndiyo inayouza salfa, dawa ya unga ya kukinga maua ya mikorosho. Mkorosho mkubwa unahitaji gramu 250 kwa mpulizo mmoja, mipulizo mitano, kila baada ya siku 14, tangu maua yanapoanza kuchomoza. Mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 20 tu kwa msimu mzima. Mwenye mikorosho 60 aliyepewa mifuko mitatu akiuza mmoja kimyakimya ili apate unga, mikorosho 20 inabaki bila kinga. Maua yake yanafunikwa na ubwiri unga, kama yaliyomwagiwa majivu, yanakauka na kudondoka kabla ya kufunga. Upepo unaupeleka ugonjwa huo kwa jirani aliyepuliza kwa uaminifu. Tukimlaumu mkulima kwamba hapulizi ipasavyo, tuulize kwanza alikula nini mwezi wa nne.

Kinga ya kwanza ni chakula shambani. Ekari moja ya muhogo, mita moja kwa mita moja, huchukua pingili 4,000 hivi, kila pingili ya sentimita 20 hadi 30 yenye macho matano hadi saba. Wengi wanapanda, lakini wanashindwa kwenye mbegu. Ugonjwa wa michirizi kahawia unadanganya: jani linaweza kuonekana zima au lina umanjano kidogo tu kandokando ya mishipa, kumbe mzizi ukiupasua unakuta mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo, hayaivi wala hayaliki. Kwa hiyo usichukue mti wa mbegu kwa kuutazama majani. Ung'oe shina lenyewe, pasua mizizi yake vipande vipande, na kama kuna doa hata moja, shina hilo lote lisiwe mbegu. Aina inayostahimili kama Kiroba, pamoja na ushauri wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara, itapunguza hasara hiyo.

Kinga ya pili ni malipo ya kwanza ya mnada. Kabla ya bati, kabla ya pikipiki, kabla ya sherehe ya unyago, yanunuliwe mahindi. Nyumba ya watu watano hutumia kama kilo mbili za unga kwa siku. Kwa siku 150, kuanzia Januari hadi Mei, ni kilo 300, yaani magunia matatu ya kilo 100. Yakauke mpaka punje ikatike kwa mlio ukiing'ata, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ifungwe kwa kukaza na iinuliwe juu ya mbao. Tundu moja la panya linatosha kuingiza hewa, na hewa ndiyo inayowapa bungua uhai.

Malipo nayo yana mtego wake. Fedha za mnada hupita benki, na akaunti nyingi hulala tangu msimu uliopita. Mwezi Septemba mkulima aende benki aiamshe akaunti yake, kisha jina lililoko kwenye daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lilinganishwe na la benki herufi kwa herufi. Herufi moja ikipishana, fedha inaweza kurudi ilikotoka, na wiki za kungoja ndizo zinazompeleka mtu tena kwa mwenye kangomba. Ningependa pia akaunti hizo ziwe na jina la mke, maana mara nyingi ndiye aliyeokota na kuanika.

Lakini aliyekwisha kudaiwa hana fedha ya kununua hayo magunia matatu, na hapo ndipo ushirika unapotakiwa. Chama kinachokusanya tani 500, kila mwanachama akiacha shilingi 20 kwa kilo, kinapata shilingi milioni 10. Hizo ni familia 100, kila moja ikipata chakula cha shilingi 100,000. Kitolewe chakula, si fedha. Mahindi yanunuliwe Julai au Agosti, yanaposhuka bei baada ya mavuno ya Ruvuma, yagawiwe Februari, na deni likatwe kwenye mnada wa kwanza kwa mizani ya chama, pamoja na asilimia 5 ya kufidia usafiri na upotevu.

Mifuko ya fedha ya namna hii hufa kwa njia zinazojulikana: viongozi kujikopesha wenyewe kwanza, majina hewa, na mikopo inayozidi mavuno ya mtu. Basi kanuni iwe moja kwa wote: mkopo usivuke theluthi ya mauzo ya mwanachama ya msimu uliopita. Wajumbe wa bodi wapate mwisho. Orodha ya waliokopa ibandikwe kwenye mlango wa ofisi, isomwe na kila apitaye. Nawaomba maafisa ushirika wa wilaya waviongoze vyama kuingiza ajenda hii kwenye mkutano mkuu kabla mizani haijafunguliwa, maana makato mapya yanahitaji kura za wanachama, na gunia la kwanza likishapimwa itabidi kungoja mwaka mwingine.

Mdau wa ushirika,
Newala, Mtwara