Mwezi wa kusikia ngoma tena

Liverpool, Uingereza
Jumapili, 22 Agosti 2021

Kwa Mama mpendwa na Mjomba wangu,
Newala, Mtwara.

Shikamooni.

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba upepo wa huko juu haujakizidisha kikohozi cha Mama. Mimi mwanenu ni mzima, namshukuru Mungu. Dada amenieleza kwamba mikorosho imepulizwa salfa na maua ni mengi. Habari hiyo imenifurahisha sana.

Mama, juma lililopita uliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa sababu simu ilikuwa ikikatika na kwa sababu swali lenyewe liliniuma. Ulisema: maradhi ya korona hayajaisha, nawe kazi yako ni kutunza wazee, mbona kila nikiuliza naambiwa umekwenda kwenye muziki? Nimeona heshima ni kukujibu kwa maandishi, taratibu, na Mjomba naye asome, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu langu inahusu ngoma aliyonipa nilipokuja nyumbani mara ya mwisho.

Mnajua kwamba hapa tulitangaziwa kufungiwa tarehe 23 Machi 2020, na tangu hapo masharti yalikuwa yakilegezwa na kukazwa tena, hata mtu akawa hajui leo anaruhusiwa kukutana na nani. Kwenu shule zilifungwa kwa miezi mitatu hivi, kisha maisha yakaendelea: watoto waliingizwa jando, harusi zilifungwa, ngoma zilipigwa. Mimi nilikuwa nikiwahofia ninyi, nanyi mlikuwa mkinihurumia mimi. Bibi alipofariki mwezi Februari, nilifuatilia mazishi nikiwa nimeketi kitandani, simu mkononi. Nilimsikia Mjomba akizungumza, lakini kila wanawake walipoanza kuimba, sauti ilizama kana kwamba mtu ameifunika kwa blanketi. Baadaye kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta alinieleza kwamba programu za simu hizi zimetengenezwa zimfuate mtu mmoja anayeongea, na kwamba ngoma, makofi na vigelegele huhesabiwa kuwa kelele na kufutwa. Kwa hiyo, Mama, simu ilinifutia kile kile nilichokuwa nakitafuta. Sijawahi kuwaambia jambo hili. Nilikata simu nikaenda kazini zamu ya usiku.

Tarehe 19 Julai, siku ya Jumatatu, serikali iliondoa karibu masharti yote ya kisheria hapa England. Sikushangilia. Siku chache kabla, nchi nzima ilikuwa ikipata wagonjwa wapya zaidi ya 50,000 kwa siku, na waliotutuliza moyo ni wale waliokwisha kuchanjwa, kwa kuwa zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima walikuwa wamepata dozi zote mbili, nami nikiwa mmoja wao. Kumbi za disko zilifunguliwa usiku ule ule. Mimi nilikuwa kazini nikigeuza wagonjwa. Muziki wangu wa kwanza nilikwenda kuutafuta kanisani, Jumapili iliyofuata.

Labda mtashangaa kusikia kwamba kuimba kulikatazwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Anayeimba hutoa pumzi kwa nguvu, na ndani ya pumzi hiyo mna matone madogo mno yanayoelea hewani muda mrefu, hasa ndani ya chumba kilichofungwa. Sababu hiyo naikubali. Kilichotuumiza ni kwamba tangu mwezi Mei kwaya za watu wasiolipwa, kama yetu, ziliruhusiwa kuimba ndani watu 6 tu, ilhali mwezi Julai uwanja wa Wembley uliingiza watazamaji zaidi ya 60,000 wa mpira, nao walikuwa wakiimba kwa makoo yao yote. Tulijaribu kufanya mazoezi kwa intaneti, ikashindikana, maana sauti huchelewa kufika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kila mmoja akimngoja mwenzake wimbo huburuta hadi unasimama. Basi Jumapili ile ya tarehe 25 tulikuwa 19. Tulisimama mbalimbali, milango imefunguliwa pande zote mbili, upepo ukipeperusha karatasi zetu. Mwalimu wa kwaya aliposhusha mkono, sauti ya pili, ambayo ndiyo yangu, iliingia chini mno; miezi 16 ilikuwa imetuharibu. Lakini mwanamke aliyesimama kushoto kwangu aliposhika noti yake, niliisikia ikiingia begani kwangu, nami nikaipata ya kwangu kwa kuegemea ya kwake. Hicho ndicho kitu ambacho mtu hawezi kukifanya peke yake chumbani.

Kazini nako muziki ulirudi, na hapa ningependa Mama usome kwa makini, kwa kuwa wazee ndio uliowataja. Kwa muda mrefu wageni walikuwa wakizuiwa au wakihesabiwa, na baadhi ya wazee wetu waliwaona watoto wao kupitia kioo cha dirisha tu. Mwishoni mwa Julai alikuja bustanini mwanamume mmoja mwenye gitaa, tukawatoa wazee kwa viti vya magurudumu, tukawafunika mablanketi magotini, maana jua la huku halina nguvu ya kumtegemea. Yupo bibi mmoja mwenye maradhi ya kusahau, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akisema neno moja au mawili tu kwa siku. Wimbo wa tatu ulipoanza aliutoa mkono chini ya blanketi, akaanza kugonga mkono wa kiti kwa kucha ya kidole cha shahada. Aligonga mapigo sahihi kabisa, hata pale mpigaji alipokawia kidogo yeye hakukawia, na wimbo ulipokwisha akauliza kwa sauti ya kawaida kama chai ipo. Nilimletea. Siku iliyofuata hakusema kitu, nami sidai kwamba gitaa ni dawa. Nasema nililoliona.

Jumamosi ya tarehe 7 Agosti nilikwenda kusikiliza bendi katika ukumbi mdogo ulio chini ya ardhi, katikati ya mji. Kabla ya kwenda nilijipima kwa kipimo cha haraka kinachotolewa bure: unajipangusa puani kwa kijiti, unangoja nusu saa, na mstari ukitokea mmoja badala ya miwili, unakwenda. Mji huu una historia na mambo hayo, kwa kuwa ndiko serikali ilikojaribia mikutano ya muziki. Tarehe 2 Mei waliruhusiwa watu 5,000 waliokwisha kupimwa kukusanyika ndani ya hema kubwa katika bustani ya Sefton Park bila barakoa, ili wataalamu waone kitakachotokea. Siku ile nilikuwa chumbani kwangu na nilisikia besi ikija kwa mbali, ikipanda na kushuka kwa jinsi upepo ulivyovuma, kama tunavyosikia ngoma za kijiji cha pili usiku.

Kule ukumbini, kabla ya bendi kuanza, mpiga ngoma aliipiga ngoma yake kubwa mara moja tu, ili fundi mitambo arekebishe sauti. Pigo moja. Watu wote walinyamaza. Nilikuwa nimeshika gilasi ya plastiki yenye maji, na juu ya maji yale nikaona duara ndogo zikitawanyika kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha likaja pigo la pili na duara zikarudi. Mjomba, wewe hutuambia kwamba ngoma husikika tumboni kabla ya sikioni. Nililikumbuka neno lako pale. Bendi ilipopumzika, mpiga tarumbeta alitueleza kwamba mwaka mzima amekuwa akisambaza vifurushi kwa gari, na ingawa alifanya mazoezi nyumbani, midomo yake ilichoka baada ya nyimbo nne, kwa sababu kupiga chumbani na kupiga mbele ya watu si kazi moja.

Usiku ule mwanamke mmoja alinikumbatia huku akicheka, nami sikumjua hata kidogo hadi aliposema jina langu. Kumbe ni mwenzangu wa kazini, tuliyefanya kazi naye tangu Novemba, na muda wote huo sikuwahi kumwona bila barakoa. Nilifikiria lipiko, kile kinyago cha mchezaji wa ngoma zetu: hata kijana aliyekwisha kupita jandoni na kujua kwamba ndani ya kinyago kile mna mtu, bado akili yake hukataa kumwona huyo mtu. Mimi nilikuwa nimemtengenezea mwenzangu uso mwingine kabisa, na ilinichukua muda kuuzoea wa kwake.

Sasa nifike kwenye ngoma. Watu wa Afrika Mashariki tulioko hapa hukutana mara kwa mara, na kwa kawaida mwezi Juni kungekuwa na tamasha la Africa Oyé, ambalo lilianza mwaka 1992 na halina kiingilio, lakini kwa mwaka wa pili mfululizo halikufanyika. Tukakodi ukumbi kwa siku moja, Jumamosi ya tarehe 14, tukakubaliana tusizidi watu 40, kila mmoja ajipime asubuhi, na madirisha yote yawe wazi hata mvua ikinyesha. Ilinyesha. Nilikwenda na ile ngoma ya Mjomba, chinganga, nikiwa nimeifunga kwa kanga. Nikakuta mzee mmoja wa Msumbiji, mtu wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma kutoka kwetu, aliyeigonga kwa kidole mara mbili na kuniambia kwa Kimakonde kwamba imelala. Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu wa nchi hii. Nyumbani tungewasha majani makavu tukaipasha moto, lakini ukumbini hairuhusiwi kuwasha hata kiberiti, basi dada mmoja msusi akatoa draya yake ya saluni, na yule mzee akaipitisha juu ya ngozi kwa mwendo wa duara, polepole, akisimama kila mara kusikiliza. Ilichukua karibu nusu saa. Mguu wa ngoma uliochongoka hatukuweza kuuchomeka sakafuni, kwa hiyo tuliuzamisha katika ndoo ya mchanga. Yule mzee aliposhika vile vijiti vyembamba na kuanza, sauti ilitoka kavu na kali, ile ile, nami nilijikuta nimekwisha kufunga kanga kiunoni kabla ya kufikiri.

Jambo moja Mjomba ungelipenda. Sakafu ilikuwa ya mbao, na tulipoanza kucheza sindimba miguu yetu ikawa ngoma ya pili, inayogonga nyuma kidogo ya ile ya kwanza, hata mpigaji akapotea. Huko kwetu udongo huimeza miguu. Alisimamisha ngoma, akatuamuru tuvue viatu, na hapo mambo yakakaa sawa. Tulicheza hadi saa mbili za usiku. Vigelegele vilipopigwa hapakuwa na simu ya kuvifuta, nami nilikwenda ukutani nikamlilia Bibi, kwa mara ya kwanza tangu Februari, nikiwa katikati ya watu wanaojua kwa nini mtu hulia wakati wa ngoma. Hilo ndilo jibu la swali lako, Mama.

Sitakuficha na la pili. Siku mbili baadaye mmoja wetu alipimwa akakutwa na virusi. Kwa bahati, kuanzia siku ile ile, tarehe 16, waliochanjwa kikamilifu hawalazimiki tena kujifungia wakikutana na mgonjwa, bali hushauriwa wapimwe maabara. Hata hivyo nilimweleza msimamizi wangu, nikakaa nyumbani hadi majibu yalipotoka, nayo hayakuonyesha maambukizi. Mgonjwa wetu alipata homa na kupoteza harufu ya chakula, sasa anaendelea vizuri. Sisi wengine wote tulimpikia kwa zamu na kumwachia vyungu mlangoni.

Kwa sababu hiyo nawaomba jambo, nami naomba kwa magoti. Tulisikia huku kwamba dozi 1,058,400 zilifika nchini tarehe 24 Julai, na kwamba tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu. Wanaotangulizwa ni watumishi wa afya, wenye maradhi ya kudumu, na waliozidi miaka 50, na ninyi nyote wawili mmo. Chanjo iliyoletwa ni ya mara moja tu. Nimemtumia Dada nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi. Mjomba, wewe hupumuliwa na watu wengi unapopiga, na Mama haachi kwenda matangani. Siwezi kuwaambia msiende, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekwisha kuwaeleza kwa nini nilikwenda.

Kuja mwaka huu sitaweza. Tanzania bado imo katika orodha nyekundu ya huku, na anayerudi kutoka huko hufungiwa hotelini siku 10 kwa gharama yake. Tangu tarehe 12 mwezi huu gharama hiyo imepanda kutoka paundi 1,750 hadi 2,285. Nchi yetu ikiondolewa katika orodha hiyo, nitakata tiketi.

Mwisho, Mjomba, nina swali la haraka. Baada ya ile draya, ngozi ya chinganga imepasuka kidogo pembeni, karibu na kigingi kimoja, ufa wa urefu wa ukucha. Je, niipake mafuta, au niache? Na kama ni kuiwamba upya, ile uliyoitumia ilikuwa ngozi ya mnyama gani? Yule mzee wa Mueda anasema anajua kuwamba, lakini hataki kuigusa kabla hujatoa ruhusa.

Nisalimieni wote.

Mimi, binti yenu.