Barua ya Wazi kwa Meya: Kabla Hujatia Saini Mkopo wa Ukumbi

Mheshimiwa Meya,

Nakuandikia nikiwa fundi wa jukwaa. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefunga taa, nimevuta kamba za mapazia na kusimama gizani nyuma ya jukwaa nikisubiri ishara. Kwa hiyo usinihesabu pamoja na wanaopinga kituo kipya cha sanaa na mikutano. Nakitaka sana. Ninachokuomba ni kitu kimoja: usitie saini mkopo wa kukijenga kabla hujatuonyesha hadharani fedha za kukiendesha zitatoka wapi, mwaka hadi mwaka, kwa muda wote ambao deni litakuwa linalipwa.

Mpango uliosomwa mbele ya madiwani umeeleza kwa kirefu habari za hati fungani, yaani hati za deni ambazo jiji litawauzia wawekezaji ili kupata mkopo huo, na tozo ya vyumba vya hoteli. Uendeshaji umepewa aya moja tu, nayo inasema mapato ya mikutano yatagharamia sanaa. Aya hiyo inaninyima usingizi.

Niliwahi kufanya kazi katika ukumbi uliozinduliwa kwa shangwe kubwa. Mwaka wa tatu, waya mmoja wa chuma unaobeba bomba la taa juu ya jukwaa ulianza kuchanika nyuzi. Ukiupitishia kitambaa, nyuzi zilikuwa zinanasa. Tukaomba fedha za kuubadilisha, tukaambiwa tusubiri bajeti ijayo. Tukalishusha bomba lile, tukalifunga pembeni, na kwa misimu minne tukafanya maonyesho kwa nusu ya taa. Katika misimu hiyo yote, riba ya mkopo haikuchelewa hata siku moja. Mkopeshaji alikuwa na mkataba. Waya ule haukuwa nao.

Mheshimiwa, tuambie wazi hati fungani hizi zitalipwa kwa dhamana ipi. Zikitegemea mapato ya ukumbi peke yake, wawekezaji watadai riba kubwa, maana wanajua mapato hayo hayatabiriki. Zikidhaminiwa na mapato yote ya jiji, riba itashuka, lakini kila pengo litazibwa na fedha za barabara, zahanati na maji. Njia zote mbili zinaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kumwacha mlipakodi akidhani ni ya kwanza, kumbe ni ya pili.

Tozo ya hoteli inapendwa kwa sababu inalipwa na mgeni. Lakini kumbuka mwaka 2020, wakati wa janga la korona: hoteli zilibaki tupu na kumbi zikafungwa kwa wakati mmoja. Tozo na kiingilio vinakauka pamoja, kwa hiyo kimoja hakiwezi kuwa akiba ya kingine. Na kuhusu hao wageni wa mikutano wanaotarajiwa kumiminika, Heywood Sanders, profesa aliyechunguza kwa miaka mingi vituo vya mikutano vya Marekani, amethibitisha kwamba makadirio ya washauri yamekuwa yakizidi hali halisi tena na tena. Majiji mengi yalijenga kwa wakati mmoja, yakagombania wageni walewale, mengine yakaishia kutoa ukumbi bure ili tu mkutano usiende kwa jirani.

Kuna jambo jingine ambalo sisi mafundi tunalijua kwa masikio. Hotuba inataka ukumbi ambao mwangwi wake unakufa haraka, kama sekunde moja hivi. Okestra inataka mwangwi wa karibu sekunde mbili. Mkutano unataka sakafu bapa ya kupanga meza. Tamthilia inataka viti vilivyopanda ngazi ili aliye nyuma aone miguu ya mchezaji. Ukumbi mmoja unaweza kuyafanya yote, kwa mapazia ya kumeza sauti na viti vya kukunjwa, ila mitambo hiyo ni ghali kununua, na ni ghali zaidi kuitunza. Amueni sasa, kwenye karatasi, ukumbi huu ni wa nani kwanza.

Kule Sydney jumba la opera lilianza kujengwa michoro ikiwa haijakamilika. Baadaye ukumbi mkubwa ukabadilishiwa matumizi, na mitambo ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ikang'olewa. Makadirio ya awali yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa 1973 lilikuwa limegharimu milioni 102, na sehemu kubwa ililipwa kwa bahati nasibu ya serikali. Jiji la Hamburg, Ujerumani, nalo lilitia saini mkataba wa ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie kabla michoro haijakamilika. Mzigo wa jiji ukatoka yuro milioni 77 hadi milioni 789, na milango ikafunguliwa Januari 2017. Leo majumba yote mawili yanapendwa duniani kote, nami nayaheshimu. Lakini je, hazina yetu ingestahimili kupanda kwa namna ile?

Ninaomba basi michoro ikamilike kabla zabuni haijatangazwa. Ninaomba fungu la matengenezo litengwe kwa sheria ndogo ya jiji, lilindwe kama riba inavyolindwa, hata kama itatulazimu kujenga ukumbi wenye viti vichache zaidi. Na siku za wasanii wa hapa zitajwe kwenye mkataba wa mwendeshaji, kwa bei wanayoimudu. Nimeona vijana wakifanya mazoezi ya ngoma koridoni, viatu mkononi ili wasipige kelele, kwa sababu ukumbi uliojengwa kwa jina lao ulikuwa umekodiwa kwa semina.

Kabla ya kikao cha kupitisha mkopo, njoo siku moja nyuma ya jukwaa pamoja na mweka hazina wako. Nitawapandisha juu kwenye daraja la taa, mzishike waya hizo kwa mikono yenu, kisha tuketi tuandike pamoja ile aya ya uendeshaji upya, kwa tarakimu.

Ni mimi,
Fundi wa jukwaa