Uwindaji wa kitalii: wanavijiji wapate haki yao

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa Ulaya wa kupiga marufuku uingizaji wa nyara za uwindaji, yaani pembe, ngozi na vichwa vya wanyama waliowindwa. Wanaoipigia debe marufuku hiyo wanawasahau wanavijiji wa kusini mwa Afrika, wanaoishi na tembo shambani. Botswana ilisitisha uwindaji mwaka 2014. Ikaurejesha 2019 baada ya malalamiko kwamba tembo wanakula mazao na kuua watu. Nchini Namibia, tangu sheria ya 1996, jumuiya za vijijini hupata ada za wawindaji, na nyama pia. Mnyama akiwa na faida kwao, watamlinda dhidi ya majangili.

Nashauri serikali husika zitangaze kila msimu ada zilizolipwa na kiasi kilichofika kijijini.

Msomaji wenu,
Arusha