Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Detroit Pistons 2023–24

Ndugu wanachama,

Timu yetu ya mpira wa kikapu ya NBA, Detroit Pistons, imemaliza msimu kwa ushindi 14 na vipigo 68, rekodi mbaya kuliko zote katika historia yake. Ilishinda michezo miwili kati ya mitatu ya kwanza, kisha ikafungwa mara 28 mfululizo, kuanzia Oktoba 30 hadi Desemba 28. Desemba 30 ndipo ikaifunga Toronto 129–127. Inauma sana.

Baadhi yenu mmelalamika kuwa wachezaji hawakujituma. Kamati haikubaliani na hilo. Desemba 26 nyota wetu Cade Cunningham alifunga pointi 41 dhidi ya Brooklyn, na bado tukalala 118–112. Tatizo lilikuwa mpangilio. Wachezaji wetu Killian Hayes, Ausar Thompson na Jalen Duren wakiwa uwanjani pamoja, hakuna kati yao anayetisha akiwa nje ya mstari wa pointi tatu. Wapinzani wanaowakaba wanawaacha na kujazana chini ya kikapu. Cade akipenya anakuta watu watatu wamemziba. Akitoa pasi, inamfikia yule yule ambaye wapinzani wanamwombea arushe. Akisita kidogo, ananyang'anywa mpira na upande wa pili wanafunga bila kuguswa. Jaden Ivey, mwenye kasi ya kuvunja ukuta huo, mwanzoni aliwekwa benchi. Bojan Bogdanović, mrushaji wa uhakika, alikosa wiki za kwanza kwa jeraha la kigimbi. Tena kocha Monty Williams alizoea kuwapumzisha wachezaji wote wanaoanza mchezo kwa mpigo, na uongozi kidogo wa pointi tuliopata ukayeyuka.

Wanaosema kufungwa kunaleta chaguo la kwanza la drafti, yaani zamu ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya, wakumbuke hesabu: katika bahati nasibu ya 2024 timu tatu za mkiani zilikuwa na nafasi sawa ya kulipata, asilimia 14 kila moja, na ya mwisho iliweza kushuka hadi chaguo la 5. Tumeangukia hapo, kama 2023.

Mwaka huu wa 2024 Monty Williams ameondolewa baada ya msimu mmoja wa mkataba wa miaka sita. Trajan Langdon, kiongozi mpya wa masuala ya mchezo, amemleta kocha J.B. Bickerstaff, na wameongezwa wachezaji Malik Beasley, Tobias Harris na Tim Hardaway Jr. Kamati inaunga mkono, maana wachezaji hawa wanarusha kutoka mbali.

Msimu wa 2024–25 ukianza, mwangalieni mpinzani anayemkaba mchezaji wetu aliyesimama kona. Akithubutu kumwacha ili amzibe Cade, mpira uende kona mara moja.