Barua ya Leipzig: mkorosho mmoja uwe wa watoto

Leipzig, Ujerumani
Julai

Kaka na Wifi,

Assalaam alaykum. Mama tunampa shikamoo zake, na watoto wote tunawasalimu. Sisi huku hatujambo, kiangazi kimekolea na kazi zinaendelea.

Wifi, uliuliza watoto wafundishwe vipi kutoa ilhali nyumbani kwenyewe hakuna cha ziada. Kulea watoto wadogo ndiyo kazi yetu huku, na swali hilo tunalo mezani kila siku, kwa hiyo tumeona tuwaandikie barua nzima badala ya kutuma sauti kwenye simu.

Tuanze na linalokosewa sana. Siku ya Ijumaa baba anampa mtoto shilingi mia tano akaitumbukize kwenye sanduku la msikiti. Hiyo ni sadaka ya baba, mtoto amekuwa tarishi tu. Hakupungukiwa na kitu, wala hakuchagua kiende wapi. Kutoa humwingia mtoto pale kitu kinapokuwa chake, kimepita mikononi mwake, na neno la mwisho ni lake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha jaribio walilofanya na watoto ambao hawajatimiza miaka 2. Watoto waliwagawia wanasesere vibiskuti, na nyuso zao zikatazamwa kwa makini. Walionekana na furaha zaidi walipotoa kuliko walipopewa. Na walipotoa vya kwenye bakuli lao wenyewe, furaha ilizidi ile ya kutoa kibiskuti alicholeta mtafiti. Kwa hiyo umaskini wa nyumba si kizuizi. Kinachotakiwa ni mtoto awe na kitu anachokiita changu, hata kikiwa kidogo namna gani.

Ndiyo maana tunawaomba jambo moja mapema: pesa tunayowatumia sisi isiingie hata senti kwenye sadaka ya watoto. Wakizoea kwamba cha kutoa hutoka kwa shangazi wa Ulaya, watakua wakingoja wa Ulaya atume.

Cha kuanza nacho ni chupa. Kila mtoto wa miaka 6 na kuendelea awe na chupa mbili tupu za maji za lita moja na nusu, zile zinazoonyesha ndani: moja ya kutoa, moja ya kuweka. Pasueni tundu ubavuni kwa kisu kilichopashwa moto, lipite sarafu kubwa bila kulazimishwa, kisha zungushieni utepe wa gundi ili ukingo usiwakate vidole. Kama mtoto anapewa shilingi 1,000 kwa wiki, mpeni sarafu kumi za mia. Noti moja haigawanyiki, na asiyeweza kugawa ataahirisha hadi wiki ijayo, na ijayo tena. Mia mbili ziende chupa ya kutoa, mia mbili ya kuweka, mia sita zibaki kwake anunue anachotaka bila kuulizwa. Kitinda mimba hahitaji pesa bado. Yeye mpeni embe zima na kisu akishike mtu mzima, ila mgao aupange mwenyewe.

Fungueni chupa ya kutoa kila baada ya wiki nne. Mtoto wa miaka 7 hawezi kungoja miezi mitatu, atasahau kwa nini alianza. Kwa hesabu hiyo kila mmoja atakuwa na shilingi 800, wakiwa watatu 2,400. Kabla ya siku hiyo nyie wazazi tayarisheni mahitaji mawili ya kweli, ya karibu, yanayolingana na kiasi hicho: sabuni ya kufulia kwa bibi wa nyumba ya pili, au peni na penseli za madrasa. Wao wachague. Ukimwuliza mtoto "tumsaidie nani?" bila kumpa mipaka, atakutazama tu au atataja kitu cha mamilioni. Wakibishana, kila mmoja aende na lake.

Mambo mawili huiua chupa. La kwanza ni mzazi kuchomoa mia tano ya mkaa na kusema atarudisha. Mtoto anaona, hata asiposema. Ikibidi, mwambieni, mwandike kwenye karatasi, mrudishe siku mliyoitaja. La pili huja kwa nia njema kabisa: baba anaona 800 ni kidogo, anaongeza 10,000. Hapo cha mtoto kimemezwa. Kama Kaka una lako, litoe siku nyingine kwa mkono wako.

Sasa mkorosho, na hapa mna bahati ambayo watu wa huku hawana. Kwenye shamba lenu la kijijini Nanguruwe, Mtwara, chagueni mti mmoja uwe wa watoto. Uwe mti mzima unaozaa vizuri, karibu na njia. Mkiwapa ule uliodumaa pembeni, watakuwa wameelewa kwamba cha kutolewa ni kile kibovu, na hakuna maneno yatakayofuta somo hilo. Fungeni kitambaa kwenye shina ili usichanganywe na mingine.

Mwezi huu na ujao ni palizi. Wa miaka 8 na kuendelea wanaweza kulima kwa jembe dogo na kufagia majani chini ya mti, hadi kama mita moja nje ya kivuli chake, maana korosho hubingirika, na iliyolala kwenye majani haionekani hadi imeoza. Kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, fanyeni nyie wenyewe, alfajiri upepo haujaamka, na watoto wawe mbali kabisa. Ile hukera macho na kifua.

Korosho zikianza kuanguka, mwisho wa Septemba au Oktoba, sheria ni moja: zinaokotwa, haziangushwi. Watoto watataka kutikisa matawi au kurusha fimbo. Wanaangusha changa, punje haijajaa, na mzigo unashushwa daraja. Waokote kila siku au siku moja baada ya nyingine, hasa mvua zikikaribia, kwa sababu korosho iliyolowa chini inabadilika rangi na kuanza kuota. Bibo, lile tunda lililoshika korosho, linyongwe hadi litoke lote, nyama ikibaki kwenye korosho inaleta ukungu. Mabibo wale watakavyo, ila wasiende shamba na sare ya shule. Utomvu ule Wifi unaujua, sabuni haiuwezi.

Zianikwe juani siku mbili hadi tatu juu ya mkeka au sakafu ya saruji, zigeuzwe, jioni ziingizwe ndani umande usizikute. Iliyokauka ukiitikisa sikioni inalia, na ukucha hauachi alama kwenye ganda. Kisha kwenye gunia la katani. Kiroba cha plastiki hakipitishi hewa, kazi yote ya mwezi inapata ukungu humo. Na msiwaache wabangue wala kuchoma wenyewe hata kidogo, mafuta ya ganda hubabua ngozi na moshi wake ni mkali. Kazi yao inaishia kwenye gunia.

Mkubwa ashike daftari: tarehe, nani aliokota, kilo ngapi zilipokauka. Daftari hili lina kazi, kwa sababu sehemu ngumu inakuja. Mzigo unapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, pamoja na wenu, mnada unapita, malipo yanaingia benki kwenye akaunti ya Kaka baada ya muda, yakiwa yamechanganyika. Kufikia hapo nyumba ina madeni yake, na korosho za watoto zinayeyuka kimya kimya. Siku malipo yanapoingia, fungueni daftari, pigeni hesabu mbele yao, toeni taslimu siku hiyo hiyo. Tuseme kilo 6, na bei baada ya makato ni shilingi 2,500: ni 15,000, wazihesabu kwa mikono yao. Anayekuja na bakuli kutaka kangomba, yaani kununua korosho kienyeji nje ya mnada, kabla ya msimu asiuziwe za watoto, hata akilipa papo hapo. Wanajifunza na hilo pia.

Zote zitolewe? Sisi tunasema hapana, nusu kwa nusu kwa mwaka wa kwanza. Mtoto aliyefagia tangu Julai akaokota hadi Desemba, halafu asishike kitu, ataiona sadaka kama kodi. Mwaka wa pili waulizeni tena. Wengi huongeza wenyewe, na wasipoongeza waacheni.

Malipo yakichelewa kidogo yatakutana na kufunguliwa kwa shule Januari, na ni wakati mzuri. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini daftari, sare na viatu bado ni vya mzazi, na darasa lolote lina mtoto anayeandika nyuma ya daftari la mwaka jana. Wifi nenda kwa mwalimu wa darasa peke yako, uliza linakosekana nini, usiulize ni nani. Watoto waende dukani na 7,500 yao, wachague, walipe, wakabidhi kwa mwalimu. Jina la anayepewa wasilijue. Jirani mzee mtoto anaweza kumpa mkono kwa mkono na ni vizuri amwone usoni, ila mwanafunzi mwenzake hapana, maana siku watakapogombana uwanjani litatajwa.

Kwa sababu hiyo hiyo msipige picha. Tunajua kundi la ukoo kwenye simu linapenda picha za watoto, na sisi tunazipenda kuliko wote. Tupigieni picha daftari la korosho, inatutosha.

Ramadhani ikifika, zaka ya fitri nayo ina somo lake mkiitoa mikononi mwa baba peke yake. Makosa ya kawaida ni kuiacha hadi asubuhi ya Idi, watu wanaoga, wanatafuta kofia, baba anatoa pesa mfukoni haraka haraka na watoto hawajui kilichopita. Nunueni mchele au unga mnaokula nyie kila siku kama tarehe 27. Mama awape kibaba, kila mtoto ajipimie cha kwake: vibaba vinne ni pishi moja, karibu kilo mbili na nusu kwa kila kichwa, na kitinda mimba ana chake sawa na Babu. Kwa watu saba ni kilo kumi na saba na nusu. Fungeni mifuko saba, waione imepangwa. Ipelekwe siku moja au mbili kabla ya Idi, kabisa isipite swala, kwani baada ya swala inakuwa sadaka ya kawaida. Anayepokea naye anahitaji muda wa kupika.

Bakuli la futari kwa jirani mnalituma tayari, hatuna la kuwafundisha. Ila lipakuliwe kabla nyie hamjala.

Kuhusu watoto kumchotea maji yule bibi wa nyumba ya nyuma. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, msimtwishe mtoto wa miaka 8. Kidumu cha lita 5, safari mbili, siku moja ya wiki isiyobadilika, tuseme Jumamosi kabla ya mpira. Ongeeni na bibi kwanza ili asione anaonewa huruma, na mwombeni akubali kumwuliza mtoto asipofika. Siku atasahau, na atasahau, Kaka usiende ukachota kwa niaba yake. Aende mwenyewe kwa bibi akaeleze.

Nguo tutakazotuma Desemba zisifunguliwe kabla watoto hawajachambua za zamani. Huku Leipzig watu huweka sanduku nje ya mlango lenye vitabu, vikombe, midoli, na mpita njia huchukua anachotaka. Vizima huondoka siku hiyo hiyo. Vilivyovunjika hubaki vikinyeshewa, na mwishowe mtaa ndio unaosafisha. Kwa hiyo kipimo ni hiki: ungeivaa wewe kwenda kwa rafiki yako? Kama ndiyo, ifuliwe, kifungo kilichotoka kishonwe na mtoto mwenyewe, ikunjwe. Viatu vifungwe kamba pamoja, kimoja kikipotea njiani cha pili hakina faida. Isiyofaa kuvaliwa iwe tambara la jikoni, isiitwe sadaka. Na kitu anachokipenda asinyang'anywe kwa jina la kutoa. Akisema la, ni la.

Mtavutwa kumlipa mtoto anaposaidia. Amechota maji, mnampa pipi. Msifanye hivyo. Watafiti waliokuwa hapa Leipzig, Felix Warneken na Michael Tomasello, walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila waliposaidia, baadaye walisaidia kidogo kuliko wale wasiopewa kitu. Mwambieni kilichotokea: "Bibi amepika mapema leo, maji yalikuwepo." Hiyo anaielewa na ni kweli.

Msianze yote kwa pamoja. Chupa wiki hii, maji ya bibi mwezi ujao, mkorosho uchaguliwe sasa kwa sababu palizi haingoji. Kaka, ukienda Nanguruwe nenda na watoto wote, hata mdogo, wauchague pamoja, na mkubwa atuandikie uchaguzi umeangukia mti upi. Kamba za magunia na daftari gumu la kurasa 200 mnunue mjini kabla msimu haujapandisha bei.

Mama aangalie dawa yake ya presha isikatike, na mtuambie matokeo ya kliniki.

Wenu,
dada na shemeji