Ule ua uliokuwa ukiucheka

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Ule ua wangu uliokuwa ukisimama kwa hisani ya waya na kamba za kuanikia nguo haupo tena. Usiku mmoja wa upepo ulilala chini wenyewe, nikaamka nikakuta bustani na njia vimekuwa kitu kimoja. Tulipong'oa nguzo tukaona siri yake: juu nzima kabisa, ila pale zinapoingia ardhini zimeoza, ukizigusa kwa kidole zinameguka.

Siku ya kwanza ya fundi nilidhani jioni nitaona ua. Wapi! Kwanza alitaka alama za mpaka, jirani akaitwa ashuhudie kabla sululu haijagusa ardhi. Kisha akashinda na uzi. Kwenye kona alipima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule, akawa anausogeza uzi mpaka kutoka ncha hadi ncha ikatimia mita 5 kamili. Hapo ndipo aliposema kona imekaa. Mimi na hesabu unatujua, nilibaki kuduwaa.

Siku ya pili, mashimo. Nguzo za mita 2.4, na sentimita 60 zote zinazikwa! Roho iliniuma, nikamwambia tuzike kidogo basi, ua upate urefu. Akanitazama tu. Chini ya shimo alimwaga kokoto maji yapate pa kupenyea, akainyoosha nguzo kwa pimamaji, akajaza zege na kuliinua kidogo kuizunguka nguzo ili mvua iteleze, isituame palepale palipouangusha ua wa zamani. Halafu akaniaga: zege likomae, tuonane baada ya siku mbili. Kila nikipita nilitamani kuzitikisa zile nguzo. Moja niliitikisa, usimwambie.

Ugomvi wetu ulikuwa kwenye mbao. Nilitaka zibanane, asichungulie mtu. Akakataa katakata: ua usio na upenyo ni tanga, upepo ukija unausukuma mzima mzima. Mwisho tukaafikiana mbao moja igongwe mbele ya papi, yaani zile mbao za kulala zinazounganisha nguzo, inayofuata nyuma yake, kingo zikipishana. Upepo unapita, macho hayapiti, labda ya mtu aliyeamua kujipinda shingo. Na kila alipokata mbao aliipaka dawa ile ncha mpya, maana dawa ya kiwandani haifiki mpaka kiini.

Lango ndilo lililotutia aibu. Alimwachia msaidizi wake, na wiki haikuisha likaanza kuburura chini. Kumbe ile mbao ya mshazari ilipigwa kinyume. Inatakiwa ianzie chini, upande wa bawaba, ipande hadi juu upande wa komeo, ndipo ibebe uzito. Alirudi mwenyewe, akaing'oa na kuigeuza bila maneno mengi. Sasa nalifungua kwa kidole kimoja.

Ule mmea wako wa kutambaa ulioniahidi, lete kitawi. Ila utapanda kwenye waya wake mwenyewe, si kwenye mbao. Majani yakizifunika zinashinda na unyevu, na mimi kuoza nimeshakuona. Na ukifika, lango linafungukia nje. Usilisukume kama ulivyozoea. Vuta.

Wako akupendaye.